Jinsi Nilivyoikaanga Skuta ya Bi Zuwena

Kosa la kwanza

Nilipaka skuta samli. Haya, nimesema. Nyinyi mliokuwa mkibishana bwenini kama nilikamatwa, nilitekwa au niliozwa, jibu ndilo hilo. Nilipaka skuta samli, na mengine yote yalitoka hapo kama ng'ombe wanaotoka zizini mlango ukisahauliwa.

Skuta yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bi Zuwena, mkunga kutoka Unguja aliyepanga chumba cha mbele kwetu hapa Garissa kwa miaka miwili. Mnamkumbuka: mama mfupi wa buibui, kiskuta cha bluu, na Kiswahili kirefu mpaka mwalimu wetu wa Kiswahili akimwona sokoni anabadilisha njia. Alikuwa mgeni wa kuandika kila kitu. Nchi ya watu ilimharibia bomba, kitasa na feni mwezi wa kwanza tu, basi akanunua daftari akaanza kuandika namna ya kuishi na vumbi letu. "Kichujio cha hewa cha skuta kipigwepigwe kila Ijumaa." "Injini ikiwa ya moto usiimwagie maji." "Tangi lifunikwe, popo hawana adabu." "Kitasa kitiwe unga wa risasi ya penseli, usitie mafuta, mafuta hushika vumbi." Alipohamishiwa zahanati ya Dagahaley, kule kambi za wakimbizi za Dadaab, alituachia skuta pamoja na daftari.

Wiki ya kwanza ya likizo akampigia hooyo, yaani mama yangu. Kazi yake imekwisha, anarudi kwao na ndege ya Ijumaa asubuhi. Skuta amempa Habiba, mkunga mwenzake, ambaye kila siku anatembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa wa kambi akiwafuata wajawazito. Ila Habiba hajawahi kupanda hata baiskeli. Bi Zuwena alitaka Alhamisi nzima amfundishe kuendesha na kutunza, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kumfundisha. Hooyo akajibu, "Jumatano itakuwa mlangoni kwako, wallahi." Mkisikia hooyo ameapa, jueni kuna mtu atatumwa. Mtu huyo ni mimi.

Jumanne alasiri nikasema niipeleke ikiwa nzuri kuliko ilivyoachwa. Mnajua watu wa bodaboda wa mtaa wetu wanavyotia cheni mafuta kabla ya safari. Nikatafuta cheni ya skuta. Nikatafuta kulia, kushoto, chini. Hakuna. Nikafungua kifuniko cha pembeni, skrubu tisa, nikakuta mkanda mpana wa mpira, mkavu kama ulimi wa mtu aliyefunga. Nikauonea huruma. Oili ya injini sikuwa nayo, lakini jikoni kulikuwa na kopo la samli ya hooyo, ile nzito inayotoka kwa nyanya kule Banissa. Nikaupaka mkanda wote kwa vidole viwili, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga.

Mtaniuliza daftari lilisemaje. Daftari halikusema usifungue. Bi Zuwena hakuandika kwa sababu hakudhani kuna mtu angefungua.

Nikaizungusha uani mara mbili. Iliondoka pole pole, laini, kama inateleza. Nikajipongeza kwa ule ulaini.

Garissa hadi Modika, dakika tano

Asubuhi ya Jumatano skuta ilipandishwa kwenye lori la Gedi, binamu wa hooyo ambaye mimi namwita abti, mjomba. Lori lilikuwa limejaa vitunguu na magodoro. Mpakizi wake ni Mutua, kijana wa Kitui, kwa hiyo mle ndani watu huongea Kiswahili, na Kiswahili cha abti Gedi mnakijua.

"Wewe Mutua, funga kamba fizuri! Hii ni mali ya mwanamke ya ng'ambo. Sio mbuzi."

"Mzee, kwani mbuzi huwa nazifunga vibaya?"

"Mbuzi ikianguka inasimama. Hii ikianguka mimi nasimama mbele ya dada yangu. Funga!"

Tukafika Modika hata jasho la Garissa likiwa halijanikauka. Abti akasimamisha lori, akasema dakika tano, akaingia kwa jamaa zake. Kumbe mle ndani kulikuwa na mazungumzo ya posa, na abti ndiye mkubwa wa upande mmoja. Saa mbili ikawa saa tatu. Saa tatu ikawa saa nne. Kila nikichungulia namwona amekunja miguu, kikombe kipya cha chai mkononi, na mzee mmoja anaanza upya hadithi ya ukoo kutoka kwa babu wa saba.

Hapa ningekaa tu kitako. Lori lingefika jioni, na hapa msingekuwa na cha kusoma. Lakini kichwani nilikuwa nimeshajiona naingia Dagahaley juu ya skuta, upepo shatini, Bi Zuwena anapiga vigelegele.

"Mutua, nishushie."

"Mzee akiuliza?"

"Mwambie nimetangulia."

"Umetangulia wapi? Kuna watu wakitangulia tunawasomea dua."

Akanishushia lakini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amechoka kunisikia.

Modika hadi mahali pasipo jina

Kilomita za kwanza nilikuwa mfalme. Nilijirekodi video nikiimba mpaka simu ikazimika, jambo ambalo wakati ule halikunisumbua hata kidogo. Swala wenye shingo ndefu walisimama kwa miguu ya nyuma wakinitazama. Ngamia hawakunitazama, ngamia huwa hawamtazami mtu.

Kisha nikasikia harufu ya anjera. Sitanii. Anjera ya asubuhi, ile chapati laini inayotoka kwenye chuma, imepakwa samli. Nikapunguza mwendo nikatafuta hoteli. Kulia vichaka, kushoto vichaka. Nikaendelea, harufu ikaja nami. Njaa ikanishika, nikawa naendesha huku nameza mate, nikijiuliza ni nani anayepika akinikimbiza.

Halafu skuta ikaanza kupiga kelele. Nikikaza mkono, injini inalia kama mtoto anayechanjwa, lakini gurudumu linakwenda mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Nikikaza zaidi, inalia zaidi na kwenda kidogo zaidi ya kutokwenda. Mwishowe ikasimama, na injini bado inanguruma. Hilo ndilo lililonichanganya kabisa. Kitu kikifa, si kinyamaze? Hii ilikuwa imekufa ikipiga makelele.

Lori la maji likaja kutoka upande wa Dadaab, tupu, likirudi Garissa. Dereva na msaidizi wake wakashuka, wakaizunguka skuta kama madaktari.

"Plagi," akasema dereva.

"Plagi gani na injini inawaka?" akasema msaidizi. "Petroli imetiwa maji."

"Ikitiwa maji ingezima."

"Basi ni jini."

"Jini gani anakula samli?" dereva akauliza, akinusanusa. "Waryaa, kijana, umebeba chakula?"

Nikawaambia sina chakula. Wakanitazama kama mtu anayeficha chakula. Wakaniachia chupa ya maji, wakaondoka wakiendelea kubishana, na sikuelewa hata mmoja wao alikuwa na maana gani. Wakati huo, ndugu zangu, kichwa changu kilikuwa hakijaunganisha samli na samli.

Jua lilikuwa limesimama wima. Niliona moshi mwembamba na vibanda viwili vya wafugaji nyuma ya vichaka, mbali na barabara kiasi cha uwanja wa mpira au miwili. Nikaisukuma skuta kuelekea huko nipate kivuli. Nilipokuwa katikati, nikasikia honi ninayoijua. Lori la abti Gedi. Nikaiangusha skuta mchangani, nikakimbia nikipunga mikono, nikamwita abti kwa majina yake yote. Nilipofika barabarani nilikuta vumbi na kitunguu kimoja.

Kwa Deeqa

Mwenye boma alikuwa mwanamke kama wa umri wa hooyo, jina lake Deeqa. Watoto watano wamemzunguka, mume yuko na ngamia. Alikuwa amepanga vyombo vya maziwa mbele yake, vile vya kusukwa kwa nyuzi za mizizi, anavisugua. Tuliongea Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili, lakini ule ukali wake hautafsiriki.

Nikamsalimia, "Assalamu alaykum, habaryar," yaani mama mdogo, ili anihurumie.

Akaitikia salamu kikamilifu, akanyanyua pua. "Nani amekaanga pikipiki?"

"Samahani?"

"Nimesema nani amekaanga pikipiki. Hiyo ni samli, imeungua. Mimi nimeunguza samli mara mbili maishani, harufu yake siisahau."

Na hapo ndipo iliponiingia akilini. Nikamweleza: cheni, mkanda, ukavu, huruma, vidole viwili. Watoto walikuwa wameacha kucheza ili wasikie vizuri.

"Huo mkanda unafanya nini?" akauliza.

"Unazungusha gurudumu."

"Kwa kulishika?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaupaka samli ili ushike." Akamgeukia binti yake mkubwa. "Unaona? Huyu wanamsomesha. Uko kidato gani, profesa?"

"Cha tatu."

"Wakufikishe cha nne haraka, kabla hujaipaka shule."

Nikamwambia kuhusu Habiba na Alhamisi, na kwamba Bi Zuwena anaondoka Ijumaa. Deeqa akaacha kusugua. Yeye mwenyewe, akasema, mtoto wake wa tatu alizaliwa mkunga akiwa bado yuko njiani, anatembea. Hakusema mtoto yule wa tatu ni yupi kati ya wale waliokuwa pale, na sikuthubutu kuhesabu.

"Fungua," akasema.

Nilikuwa na bisibisi na spana yangu mfukoni, maana fundi hatembei bila spana. Nikafungua. Ndani kulikuwa na uji mweusi wa samli, vumbi na mpira. Deeqa alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jiko la mke mvivu. Akanipa majivu na kitambaa, lakini siyo kwa ajili ya skuta. Akanisukumia vyombo vyake sita vya maziwa.

"Anza na hivi."

"Lakini habaryar, skuta..."

"Mtu asiyejua kutoa samli kwenye chombo kilichosimama ataitoa kwenye chombo kinachokimbia? Sugua."

Nikasugua. Sikuelewa kama ni adhabu au mafunzo, na mpaka leo sina uhakika. Majivu yenye maji ya moto yanakula mafuta kweli. Nyinyi mnaofua soksi kwa sabuni nusu kipande, jueni hilo. Chombo cha sita kilipopita mkononi mwake bila kurudishwa, ndipo akaruhusu mkanda. Tukauosha kwa majivu na maji ya moto mara nne. Zile sahani za chuma zinazoubana mkanda nikazifuta kwa kitambaa kilicholowa petroli ya tangi, mbali na moto, na Deeqa akinisimamia kama askari. Kila nikisema imetakata, anapitisha kidole, ananionyesha.

Mwisho akauchukua mkanda akaushikilia juu ya kijiti kinachofuka moshi, kama wanavyofanya kwa vyombo vya maziwa.

"Moshi ni wa nini, habaryar?"

"Ili usichache."

"Mkanda unachacha?"

"Mimi sijui mikanda," akasema. "Ninajua vyombo. Wewe hujui vyote viwili. Nyamaza."

Nikanyamaza. Mkanda ukaanikwa. Jua lilikuwa limeshuka, na Deeqa akakataa niondoke gizani, akasema hataki kumzika mtoto wa watu kwa ajili ya mpira. Nikala wali na maziwa ya ngamia, nikalala upande wa mbuzi. Simu ilikuwa imekufa, na pale hakuna mwenye mtandao. Nililala nikifikiria skuta. Ndugu zangu, sikufikiria kitu kingine chochote, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko samli.

Kizuizi cha polisi

Alhamisi alfajiri niliirudisha mahali pake. Skrubu zilikuwa tisa, nikapata saba. Mbili nadhani zililiwa na mbuzi. Deeqa akafunga kifuniko kwa kipande cha kamba, akanipa chupa ya maziwa, akasema nimsalimie huyo mkunga. Skuta ikanguruma, ikasita, kisha ikashika. Nilipiga kelele kuliko injini.

Karibu na Dadaab kuna kizuizi. Nilipokiona nikakumbuka kwamba sina leseni. Nikazima injini mbali kidogo, nikashuka, nikawa naisukuma huku napiga mluzi, kama mtu aliyezoea kutembea na skuta.

"Kijana, leseni."

"Afande, mimi siendeshi. Natembea nayo."

"Kutoka wapi?"

"Garissa."

Aliitazama skuta, akanitazama miguu. "Umetembea nayo kutoka Garissa."

"Tumetembeleana, afande."

Mwenzake akaangua kicheko. Yule wa kwanza hakucheka. Akasema vizuri sana, basi kwa kuwa mimi ni mtembezi, nitatembea nayo hadi kwa mwenyewe, na nikiipanda mbele ya macho yake tutaonana. Na macho yake, niwaambie, yanaona mbali. Niliisukuma mpaka Dadaab mjini, mchanga hadi kwenye kifundo, kila bodaboda inayopita inaniuliza kama nimeishiwa mafuta. Pale nikampata mwenye mkokoteni wa punda anayepeleka unga Dagahaley, akatupakia wote wawili. Sasa hesabuni: skuta ilitoka Garissa juu ya lori na kuingia Dagahaley juu ya punda.

Dagahaley

Nilifika adhuhuri imeshapita. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati, masanduku yake mawili pembeni, na mwanamke mrefu mwembamba amesimama karibu naye. Huyo ndiye Habiba. Hakupiga vigelegele mtu. Bi Zuwena alinyanyuka, akanishika mabega, akanigeuza kushoto na kulia.

"U mzima?"

"Mzima, Bi Zuwena. Na skuta imefika."

"Sikukuuliza skuta. Yule mjomba wako alifika hapa jana magharibi, gari imejaa vitunguu, wewe hupo. Mamako kanipigia mara saba. Ya nane alikuwa hasemi, analia tu."

Akampigia hooyo palepale, akamwambia, "Yuko hapa, mzima, ananuka." Mimi sikupewa simu. Nilisikia kwa mbali sauti ya hooyo, kisha ikakatika.

Halafu akaitazama skuta. Kwa nje iling'aa. Habiba akaugusa usukani taratibu, kama mtu anayemgusa farasi wa mtu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Iko sawa? Mimi nitaibanda usiku, mtu akiniita. Haiwezi niacha njiani?"

Ningeweza kusema iko sawa. Kamba ya kifuniko haikuonekana ukisimama upande wa kulia, na mimi nilikuwa nimeiegesha ili asimame upande wa kulia. Harufu ilikuwa imebaki kidogo tu. Saa zilikuwa zimebaki chache, na nikifungua mdomo tungezipoteza kwenye samli badala ya mafunzo. Lakini nilimfikiria mkunga aliyekuwa bado njiani.

"Haiko sawa sana," nikasema. Nikawaeleza yote.

Bi Zuwena alisikiliza mpaka mwisho. "Samli," akasema.

"Ndiyo."

"Ya Banissa?"

"Ndiyo, Bi Zuwena."

"Salale! Ile samli mamako alininyima hata kijiko, kwamba ni ya wageni wa Idi!" Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika, na kwa muda sikujua kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili.

Kisha akavuta kigoda. "Mimi nilitaka kumfundisha Habiba kuendesha tu, ya ndani hata mie siyajui. Haya, fundi. Fungua. Mwonyeshe."

Basi nikamfundisha. Hapa mkanda, hapa sahani, hapa usiguse kwa mafuta ya aina yoyote hata ukiuonea huruma. Habiba hakuandika kitu. Alifungua mwenyewe, akafunga, akafungua tena, na mara ya tatu alikuwa na kasi kuliko mimi. Skrubu mbili tulizipata kwa fundi wa redio. Alasiri akapanda, Bi Zuwena anakimbia nyuma ameshika kiti na buibui amelikunja, akipiga kelele, "Breki, mwanangu! Breki siyo honi!" Habiba aliingia kwenye ukuta wa magunia mara mbili. Mara ya tatu akazunguka uwanja mzima, akarudi, akasimama mahali alipotaka kusimama. Alikaa tu juu yake, injini inanguruma, hataki kushuka.

Muda si mrefu mtoto akaja mbio kumwita: kuna mtu ameshikwa na uchungu mtaa wa mwisho. Habiba akaangalia skuta, akamwangalia Bi Zuwena. Bi Zuwena akasema, "Kwa miguu leo. Kesho ndiyo." Habiba akatwaa mkoba wake akaondoka kwa miguu, haraka, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la shuka lake.

Nyumbani

Nilirudi Ijumaa na lori la abti Gedi, ambaye hakusema nami neno kutoka Dagahaley hadi Garissa. Mutua tu ndiye aliyenong'ona, "Nilikuambia dua." Posa, kwa taarifa yenu, ilikubaliwa.

Hooyo alikuwa uani anaanua nguo. Hakugeuka. Nikasimama nyuma yake nikamsimulia yote kwa mpangilio: samli, Modika, Deeqa, punda, Habiba. Niliweka vichekesho vyangu vyote mahali pake. Hakucheka hata kimoja. Alikunja nguo ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine, ndipo akanigeukia, macho mekundu. Mliniuliza alisema nini. Alisema hivi, na sijaongeza neno:

"Skuta ikipotea, nitamwomba Zuwena msamaha, na atanisamehe. Wewe ukipotea, nimwombe nani? Haya, kaoge."